Buluu ya Mama, Kijani cha Bibi

Harufu ya chokaa mbichi ikinigusa pua, hata kwa uzee huu, narudi Kariakoo, enzi za Ujamaa, wiki ile wazee kutoka Ilala walipokuwa waje kututazama kabla ya kuleta barua ya posa ya dada yangu Zuhura. Mama yangu, Bi Tatu, alitaka kuta za ukumbi ziwe buluu, maana buluu hupoza macho. Bibi Mwanahawa, mzaa baba, akataka kijani. "Buluu ya kufulia mashuka hiyo! Wageni watadhani tunawaanika." Wakanuniana, mimi nikawa posta. "Mwambie bibi yako kijani ni rangi ya ukoga." "Mwambie mama yako, ukoga hauoti kwa mtu msafi." Vita vya panzi, furaha ya kunguru, kunguru nilikuwa mimi.

Mwisho wakagawana kuta: pipa moja la chokaa, ndoo mbili, kulia buluu, kushoto kijani. Sasa, chokaa bila chumvi haishiki ukuta, kila mwanamke mtaani alijua. Mama alidhani bibi keshaitia pipani. Bibi alidhani mama. Wangeulizana vipi, na hawasemeshani? Nami swali hilo sikutumwa.

Wazee wakaja na kanzu zao nyeupe, wakaketi mkekani. Mzee Kombo, ami yake mchumba, akaegemea buluu; mwenzake, Mzee Salehe, akaegemea kijani. Wakala mkate wa kumimina, wakasifu, wakaaga. Walipogeuka, yallah! Migongo ilikuwa kuta zetu. Hakuna aliyethubutu kuwaambia. Wakashika njia ya sokoni hivyo hivyo. "La kuvunda halina ubani," mama akalia. "Zuhura atazeekea hapa." Bibi akawatazama mpaka kona. "Lakini Tatu, kijani kimemkaa Salehe." Ndilo neno lao la kwanza wiki nzima, wakacheka mpaka wakakaa chini. Zuhura peke yake alikuwa chumbani, analia.

Siku ya tatu Mzee Kombo akaleta barua mwenyewe. Mama akaanza kuomba radhi. "Nyamaza, Bi Tatu. Toka sokoni mpaka Ilala kila kibanda kimeona chokaa mbichi mgongoni, kimeniuliza, 'Mzee, umetoka kuposa wapi?' Sasa nikaposee kwingine, mgongo ule nitausemaje?" Akakaa katikati ya mkeka, mbali na ukuta.

Juzi mjukuu wangu Rukia kanionyesha rangi kwenye simu, buluu hata hazihesabiki, kijani vilevile. Ukumbini kwake kapaka ya mafuta, uchafu unafutika kwa kitambaa. Nikauegemea ukuta makusudi, nikavua mtandio nikautazama. Safi kabisa. Nikapita nao mtaa mzima, wala hakuna aliyeniuliza natoka wapi.