Siku Tatu Ambazo Paa Halikufagiliwa

Asankadir alifagia paa moja kwa miaka ishirini na sita. Sisi wa bondeni tulimcheka: mwanamume mzima, na ndevu zote zile, kazi yake kupanda juu ya bati na koleo! Mimi nilikuwa dereva wa kumpandishia makaa na unga, na nilimcheka kuliko wote. Ulimi hauna mfupa.

Chini ya paa hilo palikuwa na mashine ya kuhesabu chembe zinazoshuka kutoka mbali huko angani. Hazionekani wala hazisikiki, lakini hunyesha usiku na mchana, na hesabu yake hufika mjini yenyewe kwa redio. Theluji ikirundikana juu ya paa, huzizuia baadhi na hesabu hushuka. Jua nalo likichafuka kwa dhoruba zake, hesabu hushuka vilevile, siku kadhaa. Ndiyo maana paa lilitakiwa liwe safi kila asubuhi, wataalamu wa mjini wasije wakadanganyika.

Huko juu mlimani waliishi wawili tu, yeye na mkewe Burulcha. Kuanzia Desemba hadi Machi barabara hufungwa.

"Hilo paa ungelioa tu," Burulcha alizoea kumwambia, "likupikie na chai."

Jumatatu moja ya Februari, Burulcha aliinama kutia makaa jikoni, hakuinuka tena.

Kwetu Wakirgizi maiti haachwi peke yake hata kidogo. Tena lazima mwanamke amlilie kwa sauti ya kuimba, amtaje na kumsifu. Asipoliliwa, ameondoka kama mtu asiye na kwao. Huko juu mwanamke alikuwa mmoja, na ndiye aliyelala pale. Simu ilikuwa kibandani kwenye mashine, hatua mia mbili kutoka nyumbani. Asankadir alizima jiko ili baridi imhifadhi mkewe, akavaa koti la ngozi ya kondoo, akaketi karibu naye. Alijaribu kumlilia kama wanavyolia wanawake, maneno yakamkwama. Theluji ilianguka siku tatu. Mpaka leo nikizikumbuka naumia, maana mimi nilikuwa bondeni nacheza karata.

Alhamisi simu ililia, ikalia, haikukoma. Alimwomba mkewe radhi, akatoka, akajikokota katika theluji iliyomfika kiunoni.

Alikuwa Nurzat, binti mtaalamu aliyezisoma zile hesabu mjini.

"Mzee! Hatimaye! Hesabu imeporomoka siku tatu mfululizo! Jua limechafuka, na sisi ndio wa kwanza kuliona. Saa sita natangaza, na jina lako nimeliweka pamoja na langu. Niambie tu, paa lilikuwa safi?"

Neno moja lingetosha. Angeilinda miaka yake ishirini na sita, na asingelazimika kulitamka lile jingine, la msiba.

"Halikufagiliwa."

"Unasemaje?"

"Theluji imejaa juu tele, binti. Jua halina kosa."

"Siku tatu nzima? Mzee wangu, ulikuwa umelewa au vipi? Umeniponza! Nimeshawaambia wakubwa!"

"Burulcha alifariki Jumatatu. Sikuwa na wa kumwachia."



"Nani yuko naye sasa hivi?" Nurzat aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Na nani amemlilia?"

"Hakuna, mwanangu. Nimejaribu mwenyewe. Sijui."

Nurzat alikuwa mtoto wa mjini, hajawahi hata kumtia Burulcha machoni. Alianza kumlilia kwa sauti nyembamba, kwa maneno aliyowahi kuyasikia kwa bibi yake, akiyakosea, akikwama, akirudia mwanzo, kisha sauti ikapanda na kilio kikawa kilio kweli. Asankadir aliuvuta waya wa simu mpaka ulipokoma, akausukuma mlango wa kibanda kwa bega, akakielekeza kipokezi upande wa nyumba. Alisimama hivyo, mkono bila glavu nje kwenye baridi, mpaka yule binti alipokaukiwa sauti.