Asubuhi Nilipomwita Baba

Nilipofika Rockville, huku ughaibuni, sikuwa na gari wala chumba, na kazi yenyewe nilitafutiwa na dada mmoja wa kanisa letu. Nililala besmenti kwake, chini ya nyumba, nilipanda gari lake, na katika nyumba ya kutunzia wazee nilikoajiriwa yeye ndiye aliyekuwa nesi msimamizi wangu. Hata pumzi nilivuta kwa ruhusa yake. Wanasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi niliona nitakufa bubu pia.

Kulikuwa na mgonjwa aliyepooza mkono wa kulia. Alizaliwa mwanamume, lakini kwa miaka mingi alikuwa ameishi kama mwanamke, na karatasi zake bado zilibeba jina la zamani. Sisi kwetu hatumwiti mtu mzima kwa jina, hata tukiongea Kiingereza. Asubuhi ya kwanza nilimkuta na gauni la kulalia la maua, nikamwita Mama, nikamnyoa ndevu taratibu kama alivyoniomba. Akanishika mkono, hakutaka kuuachia.

Msimamizi akasikia. Garini akaniambia nisicheze na Mungu, yule ni baba wa watu, nisimnyoe tena na nimwite inavyostahili. Alisema bila hasira, kisha akaniuliza tutapika nini. Nikajibu mboga ya sukuma. Sukuma! Hadi leo najichukia kwa jibu hilo.

Kesho yake nilisimama mlangoni nikamwamkia, nikamwita Baba. Alivuta shuka mpaka machoni kwa ule mkono mzima. Siku tatu hakula mbele ya mtu, kwa aibu ya zile ndevu. Uji ulirudi jikoni vilevile. Siku ya nne akaniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi:

"Wengine hawanijui. Wewe ulinijua, ukaacha."

Nikaenda kuchota maji ya moto. Nikampaka sabuni mashavuni, nikashika wembe.

"Mama," nikasema, "inua kidevu."

Nilipogeuka kusuuza wembe, msimamizi alikuwa mlangoni, akitutazama sijui tangu lini. Nilitaka kuomba msamaha, kusema kweli, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza, nikanyoa shavu la pili.

Jioni nilipanda gari lake, kwani ningepanda la nani? Njia nzima hakuniuliza tutapika nini, nami nikajua siku zangu za besmenti zimekwisha. Lakini Mama alikuwa amemaliza uji.