Mjane Anataka Nisome Neno Ambalo Mumewe Hakuandika

Admin, nifichie jina, huku Juba Wakenya tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, kazi yangu ni kupokea mizigo uwanja wa ndege. Nimechoka, jamani. Nimechoka mpaka machozi hayatoki.

Profesa wetu amefariki. Alikuwa Mkenya mwenzetu, akifundisha falsafa chuoni, na kanisani tulikaa benchi moja. Aliwahi kunipa kitabu alichoandika mwenyewe kwa Kiingereza. Kigumu, wacheni tu! Ukurasa mmoja nakaa nao wiki nzima, nausoma nikingoja ndege ya Nairobi, narudia, nakasirika, nafunga. Mwenzangu wa forklift hunicheka, "Kalas, basi mama, hii kitabu itakumaliza." Lakini siku nikielewa hata sentensi moja, natembea kichwa juu. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kana kwamba nina akili. Nikimwuliza Profesa maana, alikuwa akicheka: "Wewe umeelewaje? Haya, endelea hapo hapo."

Sasa tuko matanga. Kila jioni tunakusanyika kwake, mtaa wa Juba Na Bari, mpaka mwili usafirishwe nyumbani. Watu wanasimulia alivyopenda ugali na utani. Vitabu hakuna anayevitaja. Juzi tukiosha vikombe, mjane akanishika mkono. Yeye Kiingereza hakimpandi.

"Dada, ni wewe tu uliyemsoma. Siku ya kumuaga simama utusomee pale aliposema tutaonana tena. Najua aliandika. Si alikuwa mtu wa kanisa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ile sura ya mwisho nimeirudia sana, na kwa ninavyoelewa mimi, Profesa anasema aliyekufa ameisha, hatuonani tena, kwa hiyo tupendane sasa. Au sikuelewa? Mimi nimeishia form four, labda kuna kitu kilinipita. Nimemkasirikia pia, wallahi. Alijua ameandika hayo, akaketi nasi akiimba tenzi, akatuachia mzigo.

Nikisoma nilichokiona, namvunja mama wa watu mbele ya jeneza. Nikitunga, namsingizia marehemu, mtu pekee aliyenihesabu kuwa msomaji wake. Na wa kuniambia kama nilielewa vizuri ndiye amelala mochari.

Leo asubuhi mjane amenipigia. Amewaambia watoto kwamba baba yao ana neno lao kitabuni, na ni mimi nitakayewasomea. Ibada ni kesho. Ndugu zangu, nikisimama pale, nifungue ukurasa gani?