Mama Wanza amekataa cherehani ya diwani

Leo Mama Wanza amekataa zawadi ya diwani mbele ya ukumbi mzima.

Diwani alikuwa amekiletea kikundi chetu cha akina mama cherehani mpya. Moja, akasema, ni ya Mama Wanza, maana walemavu wasiachwe nyuma. Tukapiga makofi.

Mama Wanza akasogea kwa magongo yake, akaitazama.

"Mheshimiwa, hii ni ya miguu. Nitaikanyaga na nini?"

Makofi yakakatika. Mpiga picha akashusha kamera.

"Binti yako Wanza atakukanyagia," diwani akasema.

"Wanza yuko shule. Mimi nataka kazi, sitaki picha. Niletee ya mkono."

Mwenyekiti wetu akaanza kuomba radhi. Sisi wengine hatukumuunga mkono, na sijutii. Nyinyi mngesema nini?

Diwani akamtuma dereva wake airudishe dukani, alete ya mkono. Akakaa nasi kwenye benchi kungoja.

Ilipofika, Mama Wanza akazungusha gurudumu, akashona pindo, akalivuta kulipima.

"Hii nitafanyia kazi," akasema. "Dereva, vua koti. Limefumuka begani."