Chui Havui Bangili

Baba alikuwa askari kanzu hapa Tarime, miaka ya hamsini, mama alipouawa akitoka gulioni Nyarero. Alikuwa mwanamke wa tatu kufa katika njia ile. Wazee wa baraza wakasema ni chui, na mkubwa wa baba kule polisi akakubali. Wakamwambia baba akae matangani.

"Chui havui mtu bangili," baba akajibu. "Wote watatu wamekutwa mikono mitupu."

"Msiba umekuchanganya," mzee mmoja akasema.

"Msiba ninao. Na akili ninazo."

Akanyoa kichwa, akarudi kazini. Mimi, binti yake niliyeolewa Kerende, niliacha shamba nikafuatana naye kila gulio, maana bangili za mama nilizijua. Watu walitucheka. Siku moja mchuuzi wa ugoro, mtu mpole aliyekuja kutupa pole, alimfungulia mnunuzi kifurushi chake. Nikaziona.

"Baba, zile pale!"

Baba alimtia pingu yule mchuuzi bila kumpiga, na yule mtu akakiri mauaji yote. Ndugu zake wakaomba afunikwe uso njiani kwenda bomani.

"Hapana," baba akasema. "Wanawake wamwone."

Tulimpitisha katikati ya gulio, mchana kweupe.