Chaja Iliyolalia Upande Mmoja

Mimi nachonga funguo. Mtu akiniletea ufunguo wa nyumba yake nimchongee wa pili, hanitazami usoni, ananitazama mikono. Kwa hiyo mambo ya kushukiwa msije mkanifundisha, nimeyasomea kuliko darasa la saba ambalo sikulimaliza. Lakini hapa barazani kwetu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, yuko mtu aliyeshukiwa kunizidi, na leo nataka mumjue. Ni jirani yangu wa meza, fundi Mwinyimvua.

Mwinyimvua ni mtu wa Kisarawe, mrefu, mkimya, miwani yake imefungwa waya mguu mmoja. Miaka kumi na moja aliunga redio katika kiwanda kimoja cha umma, Barabara ya Pugu. Kila jioni wafanyakazi walipekuliwa getini, mpaka soksi. Miaka kumi na moja hakukutwa na hata skrubu. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, redio za Dubai zikamwagika mjini kama dagaa, kiwanda kikauzwa, Mwinyimvua akapunguzwa kazi. Siku ya mwisho kabisa, anatoka na barua yake mkononi, askari akampekua tena. Mimi ningemzaba kibao. Yeye akainua mikono.

Akaja kwa Champaklal, mwenye duka la vifaa vya umeme, akaomba nafasi ya meza moja barazani. Champaklal akampa kwa sharti: "Siku nikisikia umechomoa kitu cha mteja, sanduku lako utalikuta barabarani." Sharti hilo nalijua vizuri. Na mimi nilipewa hilohilo, ila mimi aliniambia mara mbili.

Mjue na desturi ya wateja wetu. Mtu wa Dar hamwachii fundi kitu. Fundi akishika bisibisi, mteja anavuta kigoda, anakaa, hapepesi macho. Wanasema ukimpa fundi kisogo, atatoa moyo wa redio yako atie wa mbuzi. Basi Mwinyimvua amefanya kazi miaka yote hiyo mbele ya macho ya watu kama bwana harusi.

Sasa twende mwaka 2006, mwaka ule wa mgao wa umeme. Bi Thuraya wa Magomeni Mapipa, mtengenezaji wa video za harusi, alileta laptopu yake ya mtumba isafishwe feni. Akakaa kwenye kigoda kama kawaida. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kuswali kwa shoga yake anayeuza vitambaa nyumba ya pili. Akarudi baada ya robo saa, akachukua mashine yake, akaondoka.

Wiki tatu hazikupita, akarudi. Safari hii na kaka yake, Abdulhadi, kifua kama mlango wa ghala. Hata salamu hakuna.

"Fundi, rudisha."

"Nirudishe nini, dada yangu?"

"Ulichotoa. Ile robo saa niliyokwenda kuswali. Mashine ilikuwa inakimbia kama pikipiki. Sasa nikiikata video, bibi harusi anachukua dakika tano kuinua mguu mmoja! Nina harusi tatu mezani, na watu wananipigia simu."

Watu Kariakoo hawaitwi. Wakisikia sauti imepanda tu, wamejaa. Champaklal naye akatoka dukani, miwani juu ya kipaji.

"Mwinyimvua, umechukua?"

"Sijachukua, bosi."

Champaklal akatazama saa yake. "Saa kumi. Mpaka saa kumi, ama mashine ya huyu dada inakimbia, ama sanduku lako linatoka barazani kwangu."

Sitawadanganya. Na mimi nilimshuku. Wiki hiyo alikuwa amevaa viatu vipya, na mtu mkimya mwenye viatu vipya si wa kumwamini.

Mwinyimvua akaifungua laptopu mbele yao. Akaonyesha memori iko mahali pake, prosesa iko mahali pake, feni inazunguka. Abdulhadi akainama, akatazama kama anayetazama injini ya meli.

"Na tutajuaje kama ni vilevile?"

Swali hilo halina jibu, ndugu zangu. Kitu kisichoibiwa utakionyeshaje kwamba hakikuibiwa? Mwinyimvua akakirudisha kifuniko, akasema, "Iwashe, dada. Iwashe mwenyewe kama unavyoiwasha nyumbani."

Thuraya akachomeka chaja, akawasha. Maandishi meupe yakatokea kwenye kioo cheusi. Kabla sijavuta pumzi, kidole chake kimeshabonyeza, yamepotea.

"Umebonyeza nini?"

"Ah, hayo hutokea kila siku. Unabonyeza yanapita."

"Tangu lini?"

"Tangu nibadilishe chaja. Ile ya zamani iliungua, umeme uliporudi kwa kishindo."

"Izime. Washa tena, usibonyeze."

Yakatokea. Hapo wakanitazama mimi, maana barazani msomi ni mimi. Kizungu changu kimeishia darasa la sita lakini kinawazidi wengine. Nikasoma kwa sauti: mashine inasema chaja hii haijui ni ya aina gani, kwa hiyo itakwenda polepole, na betri haitaijaza.

Mwinyimvua akashika ncha ya chaja, akatuonyesha pini nyembamba iliyo katikati. "Chaja ya asili ina kidude ndani, kidogo kama punje ya mchele. Kupitia pini hii kinaiambia mashine: mimi ni wati tisini, vuta bila wasiwasi. Hii mpya haina. Mashine haimjui mgeni, inajibana, isije ikamlemea."

"Barua ya mjumbe!" nikapiga kelele. "Mgeni kahamia mtaani bila barua ya mjumbe wa nyumba kumi!"

Watu wakacheka. Thuraya hakucheka.

"Ile iliyoungua iko wapi?" Mwinyimvua akauliza.

Ilikuwa mkobani mwake. Thuraya hatupi kitu, hata maiti ya chaja haamini kuiacha nyumbani. Mwinyimvua akaipasua, Abdulhadi akammulikia tochi, kidude kikaonekana: cheusi, miguu mitatu. Akakipima kwa mita. Kizima.

Basi kazi imekwisha, si ndiyo? Unatia lehemu, unakihamishia kwenye chaja mpya, mashine inakimbia, mtu anaondoka, unakula chakula chako. Saa tisa ilikuwa haijafika. Mwinyimvua akaishika chaja mpya kiganjani. Akaiweka. Akaishika tena, akaigeuza.

"Hii siitii hicho kidude."

"Kwa nini?" Thuraya akasimama. "Si umesema mwenyewe dawa ni hiyo?"

"Uzito wake umelalia upande mmoja. Imeandikwa wati tisini lakini siiamini. Nikiipa kitambulisho cha tisini, mashine itaamini, itavuta tisini. Hapa itakimbia, mtanipigia makofi. Nyumbani itawaka moto juu ya kitanda chako."

"Kaka, unamsikia? Anaogopa tutajua."

Nami mdomo wangu haujui kukaa ndani. Nikauliza, "Kwani hii chaja umenunua wapi, bi Thuraya?"

Akanyoosha kidole. Hakikwenda mbali. Kikaishia kwenye rafu za Champaklal.

Nikamkanyaga Mwinyimvua mguu chini ya meza: tia lehemu, mjinga wewe, wamekupa mlango, pita! Akausogeza mguu wake.

"Unasema nauza feki?" Champaklal akauliza, sauti ya chini.

"Nasema hii imelalia upande mmoja, bosi."

Champaklal akaichukua. Akatia bisibisi kwenye mshono, akakandamiza, plastiki ikalia. Ndani mlikuwa na ubao mdogo wa waya, na pembeni kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Chuma tu, cha kuongeza uzito.

"Nimenunua katoni nzima," akasema taratibu. "Kwa mtu wa bandarini, aliyekuja na sura nzuri."

Nilimtazama sana usoni. Alijua? Hakujua? Mpaka leo nabadilisha mawazo kila nikimwona. Akaingia ndani, akakaa mno, akatoka na chaja ya mtumba, chafu, nzito, volti kumi na tisa na nusu kama ile ya asili, wati tisini.

Mwinyimvua hakuiamini nayo. Akaifunga kwenye taa ya lori, aone kama itabeba mzigo, ikawaka dakika kumi, akaipapasa ikiwa vuguvugu. Ndipo akahamisha waya wa zamani na ncha yake, akatia kidude, akaunga uzi mwembamba unaokwenda kwenye pini ya katikati, akafunga kila kiungo mpaka hakuna kinachoonekana. Thuraya alikuwa amesogea karibu mpaka pua yake inakunywa moshi wa lehemu.

Akawasha. Maandishi hayakutokea. Akafungua harusi moja, na bibi harusi akainua mguu, akatembea, akakaa, akalia, yote bila kukwama.

Champaklal akatazama saa yake, akaificha ndani ya mkono wa shati.

"Kaa," akamwambia Mwinyimvua. Halafu, akiwa mlangoni, "Lakini siku nyingine kitu changu kikiwa kibovu, njoo uniambie ndani. Si mbele ya wateja."

Thuraya alikunja waya, akalipa, akaondoka na kaka yake. Nikawafuata kidogo mpaka Msimbazi, nijifanye nanunua sigara, maana sikumsikia akiomba radhi na nilitaka kujua ameiweka wapi.

"Umeona?" alikuwa akimwambia Abdulhadi. "Katuona tumekuja wawili, kaogopa, kairudisha."

"Lakini dada, tulikuwa tunamwangalia muda wote."

"Ndiyo maana wanaitwa mafundi."

Nikarudi barazani. Mwinyimvua alikuwa anapangusa bisibisi zake, moja moja.

"Anko, wamesemaje?" akaniuliza.

"Wamesema asante sana. Watakuletea watu wa Magomeni wote."

Akaniangalia kupitia ile miwani ya waya, muda mrefu, kama mtu anayepima kitu kiganjani.

"Muongo wewe," akasema, akavuta redio iliyokuwa inangoja.