Modemu Kwenye Matanga ya Baba

Aliyeibuni modemu ile Mungu amlipe anavyostahili, mimi sisemi zaidi. Ilikuwa kadi nyembamba ya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta ya kupakata, na muuzaji wake wa Dar es Salaam alimwapia bosi wangu kwamba inakubali kotekote: penye simu ya mezani unaiunganisha na waya wa ukutani, penye simu ya mkononi unaiunganisha kwa kebo, na imeili zinaingia popote ulipo. Popote! Kilosa wakati ule simu za mkononi zilikuwa hazishiki kabisa, tulikuwa na za mezani tu, na zenyewe zinakwaruza utadhani mtu anakuna sufuria. Ukitaka mtandao wa simu ya mkononi uende mpaka Mikumi, kwenye barabara kuu. Mashine ya kotekote, kwetu ikawa ya kuibembeleza huku na kuifuata kule.

Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya mradi mmoja wa wakulima. Baba alipofariki, bosi akaniachia kompyuta na modemu yake niende navyo nyumbani, maana kaka yangu, mtoto wa kwanza, alikuwa anasoma Ulaya. Ulaya ya kweli, siyo Ulaya yetu hii, kijiji cha njia ya Mikumi. Simu yetu ya nyumbani haikuweza kupiga nchi za nje, na nauli ya kuja kuzika hakuwa nayo. Njia ya kumpata ilikuwa imeili.

Na kumpata ilikuwa lazima. Tulishazika, watu walishalia, lakini baba mdogo alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema nyumba ile ipo kwenye kiwanja cha babu, aliyekuja kukata mkonge akakinunua kwa jasho lake, kwa hiyo ni mali ya ukoo. Mama yetu, akasema, arudi kwao Munisagara akapumzike. Akapumzike! Nyumba mama aliifyatulia matofali kwa mikono yake mimi nikiwa mgongoni, leo anaambiwa akapumzike.

Nilisema. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, "Binti yangu, umesikika. Sasa tumsubiri kaka yako." Mimi niliyemuuguza baba, niliyemwosha na kumlisha, nimesikika tu. Kwetu matanga hayaanuliwi mpaka mtoto wa kwanza wa kiume atoe neno lake, na neno hilo likitoka, ndilo. Kaka akisema nyumba ni ya mama, imekwisha. Akinyamaza, anaamua baba mdogo. "Asiyekuwepo na lake halipo," akamalizia, na wazee wakatikisa vichwa.

Nikamwandikia kaka habari yote. Nikachomoa simu ya sebuleni ukutani, nikachomeka modemu. Ikapiga Dar, ikalia, ikakoroma, ikapiga mluzi. Waombolezaji wakanyamaza wote. Ilipokaribia kushika, ikakatika. Nikarudia. Ikakatika. Kumbe chumbani kwa mama palikuwa na simu ya pili kwenye laini hiyohiyo, na shangazi yangu, dada yake baba, kila akisikia mashine inalia sebuleni alikuwa akinyanyua mkono wa simu kule ndani.

"Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?" Halafu anageuka kwa wenzake: "Mtu mwenyewe hata salamu hana, anapuliza tu."

"Shangazi, shikamoo, naomba usiishike hiyo simu."

"Marahaba mwanangu. Sasa simu inalia, tuiache tu? Kama ni mtu ana shida je?"

Nikamweleza kwamba hayo ndiyo mazungumzo ya kompyuta. Akaitikia vizuri kabisa, nikarudi sebuleni, modemu ikalia, shangazi akanyanyua. Jamani! Kwake yeye kuacha simu bila kupokea ni kumfungia mgeni mlango, na kwenye msiba mlango haufungwi. Nilitamani kuukata ule waya kwa meno. Mwishowe alitoka kwenda kuoga, nami nikaipenyeza imeili yangu ikaenda.

Kesho yake nikaanza kutafuta jibu. Asubuhi nzima modemu ipo ukutani. Inashika, inaanza kupokea, laini inakwaruza, inakatika, naanza upya. Nyumba imejaa. Waliokuja kutoka Msowero bado wapo, wa Magole bado wapo, na ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, matangani haitumiki. Kila sufuria ikiepuliwa wananiuliza, "Kaka yako kajibu?" Baba mdogo yeye alihamishia kiti chake karibu na simu, miguu kainyoosha, anapiga miayo. "Mashine yako inaumwa, binti yangu?" Mama hakuuliza kitu. Alikuwa jikoni anapepeta mchele wa watu waliokuja kumtoa nyumbani kwake.

Adhuhuri nikachoka. Pikapu ya mradi ilikuwa inakwenda Mikumi, na bosi akanikubalia nipande na simu yake ya mkononi. Nikachomoa modemu, nikairudisha simu ukutani kama ilivyokuwa, nikaondoka. Mama akanisindikiza hadi barabarani. "Nenda mwanangu," akasema, "uje na maneno ya mwenzio."

Njia ile ni mashimo na vumbi, na kompyuta nilikuwa nimeipakata kama mtoto. Mikumi tukaegesha kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yanapita na kututikisa. Kebo ikagoma. Nikaipuliza, nikaigeuza, nikaitukana. Dereva akapanda juu ya boneti na simu mkononi, kebo imenyooka kutoka kwake hadi dirishani kwangu, ananiuliza kama ashuke au apande zaidi. Watu wanatuangalia. Na imeili ikaingia! Pole pole, neno kwa neno, lakini ikaingia.

Kaka alikuwa ameandika bila kuzunguka. "Nyumba ni ya mama. Baba alinitamkia mwenyewe nilipokuwa naaga. Wasomee wote, na baba mdogo asikie. Mtu asimguse mama." Na chini yake: "Napiga simu nyumbani tangu asubuhi, laini haipatikani, mnaongea na nani siku nzima? Najaribu tena mchana."

Nilipiga vigelegele palepale barabarani. Mwanamke wa nguo nyeusi, kafiwa, anapiga vigelegele Mikumi kando ya malori! Dereva akacheka hadi akakaribia kuanguka. Huo mstari wa chini niliusoma, lakini kwa furaha ile haukuniingia.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa limeanza kushuka. Nikaona mikeka inakung'utwa, vyombo vya kuazima vinahesabiwa, watu wa Magole wanafunga mizigo. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

"Kaka yako alipiga," baba mdogo akaniambia, uso unang'aa. "Haukupita muda tangu uondoke. Nilipokea mwenyewe. Ah, yule mtoto ana adabu! Kanipa shikamoo yangu kwanza, kanipa pole. Nikamwuliza habari ya nyumba, wazee wote wanasikia. Kisha akasema, 'Baba mdogo, sasa wewe ndiye baba. Utakavyoona wewe.'"

Nikafungua kompyuta. Nikasoma imeili kwa sauti, nikairudia, nikawageuzia kioo waone. Wazee wakatazamana. Baba mdogo hata hakukasirika.

"Hiyo ni mashine," akasema. "Sisi tumemsikia kwa sauti yake."

"Tumemsikia," shangazi akasema, macho chini.

Niliilaani modemu, nikamlaani kaka yangu, simba wa kwenye karatasi. Angekaa kimya tu mpaka nirudi! Lakini nani kati yetu amewahi kumkatalia baba mdogo wake mdomoni, wazee wamekaa? Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale na kompyuta yangu, nimenyamaza.

Wote walipoondoka, mama akaniambia nimsomee imeili. Nikamsomea. Akaniomba tena ile sehemu ya mtu asimguse mama, nikamsomea tena.

"Mjibu," akasema. "Mwambie nyumba ipo, mimi nimo ndani, na yeye asome."

"Mama, huo ni uongo! Acha ajue alichofanya."

"Yuko peke yake kule, na baridi ile, na baba yake kafa. Andika."

Nikaandika. Nikachomeka modemu ukutani, na laini ile mbwa ikashika papo hapo, bila mkwaruzo hata mmoja. Ikaenda.

"Imefika?" mama akauliza.

"Imefika."

"Haya, njoo unishikie godoro upande huo, tulifunge."